Mtamba wa Fedha za Karafuu

Mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka watu wa kwetu Ole, Pemba, wakaazimana majamvi ya kuanikia. Fedha zilipotoka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kila mtu nyumbani alikuwa na lake. Mdogo wangu alitaka vespa, mimi nilitaka bati mpya za jiko. Mama akatuacha tuseme mpaka tukachoka, kisha akasema zitanunua ng'ombe. Si wa kuchinja Idi. Ng'ombe wa kuzaa.

Kaka yetu aliyeko Muscat akaahidi kuongeza kilichopungua, na pesa yake ikaja na masharti. Siku hizo alikuwa hatazami kitu kwenye simu ila ng'ombe aina ya Angus, wale weusi tii wasio na pembe, waliojaa nyama mpaka shingo haionekani. Asili yao Uskoti, lakini video alizotutumia zilikuwa za malisho ya Marekani. Mama alizitazama zote kwa adabu, akasema, "Majani mazuri."

Kaka ndiye aliyemtafuta muuzaji, Unguja upande wa kusini, si mbali na msitu wa Jozani. Mtamba mweusi, yaani jike ambaye hajazaa, mama yake chotara aliyeletwa kutoka Tanga, baba yake mbegu ya Angus ya kupandikizwa. Umri miaka miwili, "tayari kabisa kwa dume." Vibali, barua ya sheha, boti na kirikuu kutoka bandarini nayapita. Aliyewahi kumvusha ng'ombe bahari anayajua, na asiyewahi hatakuwa na hamu nayo.

Asubuhi ya pili tulimfunga chini ya mwembe ili atazamwe. Ami yangu alifika kabla ya bwana mifugo. Tulishakubaliana kwamba yeye ndiye atakayemtunza. Ndama wa kwanza wetu, wa pili wake. Kwa hiyo alikuwa anamtazama mkwewe mtarajiwa, na alimtazama hivyo hasa: akamzunguka kimya, akarudi nyuma hatua kadhaa, akachuchumaa kuangalia miguu, akasimama.

"Huyu katoka kusini Unguja," alisema. "Kule kuna mbung'o."

Ami alikulia Pemba, ambako mbung'o hakuwahi kuwapo, lakini ujana wake alifanya kazi Unguja na aliona ng'ombe wakikondeana kwa nagana, maradhi ya mbung'o, mpaka wakaanguka. Bwana mifugo alipofika na pikipiki yake, swali la kwanza alilopokea ni hilo. Kijana wa watu alijibu taratibu.

"Mzee wangu, mbung'o wa Unguja walimalizwa. Madume yalifugwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya msitu. Majike wakapandwa na madume yasiyo na kitu. Wa mwisho alinaswa mwaka 1996."

Ami akafikiri kidogo. "Madume tasa?"

"Ndiyo, mzee."

"Serikali ina mambo," akasema, na suala la mbung'o likaishia hapo.

Kilichomshughulisha zaidi bwana mifugo kilikuwa kupe. Aliyafunua masikio, akaingiza kidole mpaka ndani, akatoa kupe wawili wa kahawia na kuwasaga kwa kisigino. Hao ndio waenezao ndigana kali, na ng'ombe mwenye damu ya kizungu hufa kwa maradhi hayo upesi kuliko wetu wa nundu. Akaminya matezi ya chini ya sikio na yale ya mbele ya bega. Hayakuvimba. Kipimajoto kikasoma 38.7, ambayo kwa ng'ombe ni afya. Akatuandikia kumwogesha dawa kila wiki, hata wiki ambazo hatuoni kupe.

Kisha ikaja habari ya Angus wenyewe. Mtamba hakuwa na pembe, lakini kukosa pembe si ushahidi. Watu huzichoma ndama akiwa mdogo, na ng'ombe yeyote mweusi aliyechomwa pembe anaweza kupewa ukoo wowote unaopendeza sikio la mnunuzi. Bwana mifugo alinishika mkono akaniwekea vidole juu ya utosi wa mtamba, pale pembe zinapoota. "Papasa, dada. Tafuta kovu." Nilipapasa. Ngozi ilikuwa laini, nywele zimeota sawasawa pande zote mbili, na katikati mfupa ulipanda kidogo kama ncha ya yai. Hapakuwa na kovu wala kishina. Kwa Angus kutokuwa na pembe ni urithi wenye nguvu: baba akiwa safi, watoto wake wa mwanzo hawaoti pembe hata kama mama anazo. Na nundu yake ilikuwa kituta kidogo tu, imelala, ya ng'ombe aliyechanganya. "Yawezekana kweli," akasema bwana mifugo. Kutoka kwake hilo lilikuwa neno kubwa.

Umri ndio ulioanguka. Ami alimbana pua kwa vidole viwili, akaushusha mdomo wa chini, sote tukachungulia. Meno manane ya mbele, yote ya maziwa, madogo na meupe, hakuna hata moja lililong'oka. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani hutoka ng'ombe akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Huyu hakufika. Wauzaji wa mitamba huongeza umri kama waposaji wanavyopunguza wao, na sikushangaa. Utepe wa kukadiria uzito kwa mzunguko wa kifua ukatoa kama kilo 220. Bwana mifugo akakadiria kwamba akikomaa atakuwa ng'ombe wa kilo 400, na mtamba hapandwi mpaka afikie walau sehemu sita na nusu katika kumi za uzito huo. Maana yake kilo 260. Maana yake kungoja.

Kabla hajaondoka alinitaka nimpigie muuzaji nimwulize jambo moja: je, huyu alizaliwa pacha? Jike aliyezaliwa tumbo moja na dume mara nyingi huwa tasa, kwa sababu damu zao huchanganyika tumboni na viungo vyake vya uzazi haviumbiki sawa. Muuzaji akaapa kwamba alizaliwa peke yake. Basi tukahesabu chuchu: nne, zimeachana vizuri, hakuna ya ziada. Nyonga pana, mgongo umenyooka. Ami akampiga kofi la upendo kwenye paja.

Sasa kazi ilikuwa kupanga ndama, na hapo ndipo nilipojua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amenunua ng'ombe wake.

Kaka alitaka mbegu ya Angus tena. Alituma sauti ndefu usiku akieleza hesabu zake: ndama atakuwa robo tatu Angus, atauzwa kwa hoteli za Unguja kwa bei ya nyama ya kizungu. Haki yake, hakukosea kote. Angus anasifika duniani kwa ndama wadogo wanaotoka bila taabu, na watu huwapandisha mitamba kwa sababu hiyo. Lakini yeye alikuwa Muscat. Sisi tulimwona mtamba saa saba mchana, mweusi juani, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka, mpaka ami akamhamishia kivulini. Nusu ya damu ya Uskoti ilikuwa inahema hivyo. Robo tatu ingetaka nini? Feni?

Ami alitaka fahali wa jirani. Ni dume la mchezo wa ng'ombe, nundu kama gunia, lilishawahi kuwafukuza vijana uwanjani wakapanda mnazi. Hoja yake ilikuwa fupi: lipo, halilipiwi, na halijui kupe ni nini. Bwana mifugo alikuwa na hoja yake: dume lipandalo majike ya mtaa mzima huyatembezea na maradhi ya mtaa mzima.

Mama alitaka samli.

Mimi nilikuwa upande wa bwana mifugo, aliyependekeza mbegu ya Jersey, ng'ombe wa maziwa. Kwangu mimba ya kwanza haiangaliwi faida ya ndama. Inaangaliwa mama atoke salama, mifupa yake bado inakua, na ng'ombe aliyeumia uzazi wa kwanza huenda asizae tena. Friesian niliikataa moja kwa moja kwa sababu hiyo. Ndama wake mkubwa. Jersey ni ng'ombe mdogo, ndama wake mwepesi, anastahimili joto kuliko Friesian, na akija jike atakuwa na maziwa, kitu ambacho damu ya Angus haiahidi kwa wingi kwani yeye ni wa nyama. Bwana mifugo akaongeza kwamba maziwa ya Jersey yana mafuta mengi, na kura ya mama ikapatikana. Ami aliposikia kwamba Jersey ni jina la kisiwa, tena kidogo kuliko Pemba, akasema angalau wametoka kwa watu wanaojua bahari.

Tarehe tulizipanga kuanzia mwisho. Ng'ombe hubeba kama siku 283, na bwana mifugo alinifundisha njia ya mkato: chukua siku aliyopandwa, rudi miezi mitatu nyuma, ongeza siku kumi. Hatukutaka azae katikati ya masika, banda likiwa tope na ndama akilala majini. Tulitaka masika yawe yanaondoka, ardhi inakauka na majani bado tele. Kupandwa mwishoni mwa Agosti, kuzaa mwanzoni mwa Juni. Kuanzia hapo ikawa majani ya tembo asubuhi na jioni, pumba za mpunga, mashudu ya nazi kidogo, jiwe la chumvi, na mimi na daftari. Joto lake la kutaka dume, la kila siku 21, nililiandika, na kila lilipokuja ami aliniuliza kwa upole kama sina haja ya kulipeleka kwa jirani.

Agosti utepe ukavuka 260. Tarehe 25 alianza kulia alfajiri, akikata kamba, ute mwangavu unaovutika kama uzi ukining'inia nyuma. Ami alimleta ng'ombe wake jike karibu, jike huyo akampanda mtamba, na mtamba akasimama tuli. Akionekana asubuhi hupandikizwa jioni. Bwana mifugo alikuja baada ya alasiri na mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma ya pikipiki, akaomba maji ya vuguvugu. Mama akamletea chupa ya chai, imejaa maji yanayochemka. Akacheka, akayapooza mpaka nyuzi 37, akakitumbukiza kijirija chembamba cha mbegu kilichokuwa kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Akavaa glavu ya mpaka begani. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kumaliza kikombe.

Wiki tatu zikapita, hakulia. Baadaye bwana mifugo aliingiza mkono, akatulia akitazama mbali, akaitikia kwa kichwa kwamba mimba ipo. Niliandika 4 Juni kwenye kalenda ya ukutani. Kaka akatuma sauti ya pongezi na, kwa kuwa ni yeye, akauliza kama wa pili hawezi kuwa Angus.

Ami alikuwa amekaa barazani, akaisikia.

"Mwambie wa pili ni wangu," alisema. "Na baba yake nimeshazungumza naye, yuko kwa jirani."