Baba yetu, mtu wa reli

Wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini huwa mfupi, na wa baba yetu ulikuwa hivyo hivyo: ulitaja kuzaliwa, shule, ndoa na idadi ya watoto na wajukuu, kisha ukakaa kwa muda mrefu kwenye kazi yake. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Lakini aliyeusikiliza bila kumfahamu baba angeondoka Makambako akidhani kwamba tumemzika mfanyakazi hodari tu, na jambo hilo limeniuma tangu siku ile.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Aliajiriwa angali kijana wakati reli ya TAZARA ikijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China, ili Zambia, iliyokuwa imebanwa na utawala wa walowezi wa Rhodesia, ipate njia ya kufikisha shaba yake bandari ya Dar es Salaam. Ujenzi ulianza mwaka 1970 na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Katika kilomita zake 1,860 hadi Kapiri Mposhi, baba alipangiwa kipande kigumu kuliko vyote, kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda milima kwa madaraja na mahandaki, na mvua zikikolea udongo huporomoka ukaifunika. Genge lao liliweza kuitwa usiku wa manane kwenda kuondoa kifusi, kushindilia kokoto na kukagua mataruma, na mama akabaki nyumbani bila kujua mumewe atarudi lini.

Alipokuwa akirudi, ndipo sisi tulipomfahamu. Mshahara ulilipwa ndani ya bahasha, na bahasha hiyo alimkabidhi mama mbele yetu ikiwa bado imefungwa, halafu yeye ndiye aliyeomba hela ya matumizi yake. Wenzake walimcheka waziwazi kwa hilo, naye hakujitetea wala hakubadilika. Ripoti zetu za shule alizisoma kuanzia chini, kwenye maoni ya mwalimu wa darasa kuhusu tabia, na nafasi darasani aliiuliza mwisho kabisa. Mtoto aliyeandikiwa kwamba anawaonea wenzake alikuwa na jioni ndefu sana, hata kama alishika nafasi ya kwanza.

Baada ya kustaafu kwake, mama aligundulika kuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa ya matone hulinda uliobaki, mradi itiwe kila siku bila kuruka. Baba aliichukua kazi hiyo na hakumwachia mtu mwingine. Kila jioni saa mbili alinawa mikono kwa sabuni, akamkalisha mama kwenye kiti karibu na taa, akavuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akadondosha tone moja, kisha akabonyeza taratibu kwenye kona ya jicho, upande wa pua, ili dawa isiteremkie kooni. Mjukuu mmoja alishika saa ya mkononi ya babu na kutangaza dakika zilipotimia. Waligombania zamu hiyo kuliko walivyogombania pipi, naye aliikumbuka zamu ya kila mmoja na hakumpendelea yeyote.

Miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akiyataja matone hayo kama mzigo. Nadhani kwake yalikuwa sawa na ukaguzi wa njia: hufanywa kila siku, hata siku ambayo hakuna hitilafu inayoonekana, kwa sababu watu waliomo ndani ya treni hawana namna ya kujikagulia wenyewe.

Sasa tunajiandaa kulijengea kaburi lake. Sisi watoto tulipendekeza jiwe litaje utumishi wake wa reli, na mama amekubali, kwa sharti kwamba liandikwe kwanza mume, kisha baba, kisha babu, na reli iwe mstari wa mwisho. Fundi amekwisha kupewa maandishi kwa mpangilio huo.