Mwaka Kansas City walipopindua meza

Ukikulia kwenye Simba na Yanga, besiboli ni mateso. Mchezo hauna dakika 90. Watu wanatafuna karanga, mrushaji anarekebisha kofia, anatema mate, anatazama pembeni, na pointi haionekani. Kilichonivuta ni msimu wa 2015 wa Kansas City Royals, timu ya besiboli ya Marekani.

Nilikuwa zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mzee mmoja pale hakubali kwenda kulala mechi haijaisha. Alikuwa na kinyongo. Fainali ya 2014 Royals walilala kwa San Francisco Giants katika mechi ya 7 (fainali ni mfululizo, anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa), Alex Gordon wa Royals akiwa kwenye besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani, pale mkimbiaji anapopatia pointi. Bado kufika hapo tu asawazishe. Na ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1985.

2015 walishinda mechi 95 za msimu wa kawaida, lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye mtoano. Houston Astros waliongoza 6–2, wakaishia kuchapwa 9–6. Mechi ya kwanza ya fainali na New York Mets, Gordon yuleyule akasawazisha kwa mpira uliovuka uzio dakika za lala salama (kama mchezo huu ungekuwa na dakika), ikaenda raundi 14 badala ya 9 za kawaida, saa sita usiku ikatupita.

Ila mimi nawaambia watu watazame mechi ya 5 ya fainali hiyo. Raundi ya 9, Mets wanaongoza 2–1, Eric Hosmer wa Royals yuko besi ya tatu. Mpira uliopigwa na mwenzake unabingirika kwa David Wright wa Mets. Anaudaka, anamtupia Hosmer jicho, kisha anaurusha besi ya kwanza kumtoa aliyeupiga. Mkono ulipoachia tu, Hosmer akachomoka. Mchezaji wa Mets wa besi ya kwanza akaurusha nyumbani kwa pupa, ukaenda pembeni. Mbili-mbili. Mzee alipiga mkono wa kiti cha magurudumu akasema, “Mwizi huyo!” kwa furaha kubwa. Raundi ya 12 wakaongeza tano, ubingwa ukaja.

Jumanne ya gwaride shule zilifungwa, na waliojitokeza walikadiriwa kufika laki nane. Wengine waliacha magari pembeni mwa barabara kuu wakatembea.

Mwaka 2018 Royals hao hao walipoteza mechi 104. Niliendelea kwenda uwanjani. Viti vilikuwa tele, unachagua pa kukaa.