Friji ya mashua: nafuata umeme kutoka betri hadi kompresa

Swali la mradi huu ni moja. Tukiwa tumefunga gatini friji inagandisha vizuri, lakini tukitia nanga usiku inawaka, inazima, inawaka, inazima. Kwa nini? Karibu kila aliyeisikia alisema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, imechoka. Mimi nilitaka kwanza kujua umeme unaifikiaje.

Nimeitoa kabatini na kuigeuza. Kompresa ni Danfoss BD35, zile ndogo za umeme wa betri ambazo siku hizi hutoka kwa jina la Secop. Pembeni yake kuna kisanduku cha elektroniki kinachoingiwa na waya mbili tu, chanya na hasi. Vipo visanduku vinavyopokea na umeme wa volti 230, na vyenyewe huuchagua ukiwepo. Hiki sicho. Kwa hiyo hata gatini friji hii inakula betri: umeme wa nchi kavu unaishia kwenye chaja, chaja inajaza betri, betri inalisha friji. Tofauti ni kwamba chaja ikiwa kazini volti hupanda hadi 13.8, hata 14.4. Chaja ikitoka, betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.7, kisha inashuka polepole kadiri inavyotumika.

Kisanduku hicho hicho ndicho mlinzi wa betri. Kwa mpangilio wa kiwandani, volti zikishuka hadi 10.4 kinazima kompresa, na hakiiwashi tena mpaka zirudi 11.7. Nikakiungia taa ndogo ya LED, maana kina mahali pake, nikakaa kungoja giza liingie. Friji ilipozima, taa ilipepesa mara moja, ikanyamaza sekunde nne hivi, ikapepesa tena mara moja. Maana yake ni volti pungufu. Ingepepesa mara tatu, ningejua mota imeshindwa kuanza na wale wa kompresa wangekuwa na hoja.

Ila betri yenyewe ilikuwa na 12.0, mbali kabisa na 10.4. Hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo: kisanduku hakipimi volti za betri, kinapima zile zilizofika mlangoni kwake. Na ukipima kompresa ikiwa imelala hutaona kitu, kwa sababu waya isiyopitisha mkondo haipotezi volti. Lazima uvizie ikiwa inazunguka. Nilipofanya hivyo, betrini palisoma 12.0 na kwenye friji 10.8, na kila kompresa ilipojaribu kuanza namba ilidondoka chini zaidi, kisanduku kikazima, mzigo ukatoka, volti zikarudi juu, kikawasha tena.

Volti 1.2 zimepotelea njiani. Waya iliyofungwa ni ya milimita za mraba 1.5, mita 6 kwenda na 6 kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.14, na kwa ampea 5 hiyo ni volti 0.7. Nyingine 0.4 niliikuta kwenye kishikio cha fyuzi. Ukikiangalia kwa nje ni kizima, lakini midomo yake ya shaba imeota ukungu wa kijani, na kompresa ikizunguka kwa muda unausikia ujoto wake kwa kidole. Kidogo kilichobaki ni cha swichi na viungio.

Nilishauriwa niongeze rizista ili kisanduku kivumilie volti ndogo zaidi. Nimekataa. Huko ni kumnyamazisha mlinzi huku mwizi bado yumo ndani.

Nimevuta waya mpya ya milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka betrini, na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri ili waya yote iwe na kinga. Sasa betrini 12.0, kwenye friji 11.8, na usiku imezunguka bila kukatika.

Iliyobaki ni hesabu ya tumbo lake. Ikizunguka asilimia 40 ya siku kwa ampea 5, inakula ampea-saa 48 kwa saa 24. Betri yangu ni ya asidi, ya ampea-saa 100, na siishushi chini ya nusu. Friji peke yake inaimaliza haki hiyo kwa siku moja, kabla hata sijawasha taa. Kabla ya kufikiria sola nitaongeza povu la kuzuia joto kwenye kuta za kabati na kutoboa njia ya hewa nyuma ya kondensa, maana kwa sasa joto lake halina pa kutokea. Kisha nitapima upya muda inaozunguka.