Ekzosi mpya, farasi walewale

Gari langu la kutembezea wageni ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na turbo (feni ya kuisukumia injini hewa ya ziada), ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye magari yake mwaka 1990 na ambayo mafundi wa Arusha huweza kuifungua na kuifunga wakiwa wanapiga soga. Kama yalivyo magari mengi ya kazi hii, lilikwisha kurefushwa kabla sijalinunua: chasisi ilikatwa, kikaongezwa kipande cha chuma, propela ikarefushwa, ikapatikana nafasi ya safu moja zaidi ya viti. Nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba siku hiyohiyo ekzosi nayo, yaani bomba la kutolea moshi, iliungwa kwa kipande cha bomba chembamba kuliko bomba lenyewe, na mdomo wake ukaishia chini ya bodi badala ya kuchomoza nyuma.

Malalamiko yalikuwa mawili. Dereva wangu alisema gari halina nguvu, kwa kuwa tukishaliacha geti la Lodoare na kuanza kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, hujikuta kwenye gia ya pili huku moshi mweusi ukitanda nyuma. Wageni wanaokaa viti vya mwisho nao walisema wananusa moshi, na mara mbili tatu mmoja wao alishuka jioni akiwa ameshika kichwa. Nakiri kwamba nililichukulia kwa uzito lile la dereva na kulipuuza la wageni, ilhali ilipaswa kuwa kinyume chake.

Kuhusu kupanda, kuna jambo ambalo ekzosi haihusiki nalo hata kidogo. Ukingo wa kreta uko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Tanga au Bagamoyo. Injini isiyo na turbo huvuta kile inachokikuta, kwa hiyo karibu robo ya hewa yake imekwisha kupotea kabla mguu haujagusa mafuta, na pampu isiyojirekebisha kulingana na mwinuko huendelea kumwaga dizeli ileile kana kwamba bado tuko pwani. Dizeli inayokosa hewa ya kuiunguza hutoka ikiwa masizi. Huo ndio moshi mweusi wa Lodoare, na mtu anaweza kubadilisha mabomba mpaka achoke asiuondoe.

Hata hivyo nilitaka kujua ekzosi inabana kiasi gani, na kipimo nilichokitumia kilinigharimu fedha ndogo mno. Waashi wana ule mpira mweupe unaopitisha mwanga, wanaoutia maji ili kupimia levo ya msingi. Tulitoboa tundu kwenye bomba la mbele, umbali mfupi tu baada ya manifodi, pale moshi wa silinda zote unapokutana, tukachomelea nati juu yake, tukafunga kipande cha bomba la shaba la breki kilichoviringishwa kama springi ili moto upungue njiani, kisha tukaunganisha mpira wa levo ulioning'inizwa ukutani kwa misumari kwa umbo la herufi U, ukiwa na maji nusu. Injini ikiwa saileni, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, maji yalitikisika tu. Ilipofikishwa mizunguko 3,000 kwa dakika, upande mmoja ulishuka na mwingine ukapanda hadi tofauti ikafika kama sentimita 75, maji yakichezacheza kwa mapigo ya silinda mpaka tulipoubana mpira kidogo kwa koleo ili yatulie.

Sentimita 75 za maji ni kilopaskali 7.5 hivi. Hapo ndipo hesabu ya darasani inapomsaidia mtu asitapeliwe. Injini hii huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwa mizunguko 3,000 hupitisha takriban lita 6,200 kwa dakika, ambazo ni kama lita 104 kwa sekunde. Kuzisukuma nje dhidi ya mgandamizo huo hugharimu wati 780 hivi, yaani nguvu ya farasi mmoja na ushei, katika injini yenye farasi wapatao 130. Ni kweli kwamba gari likiwa na mzigo mlimani gesi huwa moto zaidi na mbano huongezeka, lakini hata ukiuzidisha mara tatu, unazungumzia farasi watatu. Anayekuahidi farasi ishirini kwa kubadilisha bomba la 1HZ isiyo na turbo anakuuzia sauti.

Kwenye injini yenye turbo mambo ni tofauti, na nadhani ahadi nyingi zimeazimwa huko. Turbo huzungushwa na tofauti ya mgandamizo kati ya manifodi na bomba linaloifuata, hivyo kila unachokipunguza nyuma yake huiwezesha kupanda mapema, na joto la gesi hushuka. Wanaofunga turbo kwenye 1HZ wana sababu nzuri ya kuweka bomba la inchi 3. Mimi sikuwa nayo, lakini niliweka.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinishawishi kwamba kikubwa ndicho bora. Walifunga bomba la inchi 3 kutoka mbele hadi nyuma, wakaondoa sailensa ya kwanza, ile kopo ya kupunguza mlio, wakisema ni mzigo wa bure, na kona wakazitengeneza kwa kukata vipande kwa grenda na kuviunganisha kwa pembe. Siku ya kwanza gari lilinguruma vizuri nami nikajisikia kijana. Siku ya pili, kwenye barabara ya mawimbi inayoelekea Naabi, geti la Serengeti, kila ekseli ya nyuma iliporuka ililigonga bomba, kwa kuwa nafasi iliyoachwa juu ya ekseli ilikuwa imekadiriwa gari likiwa limesimama kwenye sakafu ya saruji, likiwa halina abiria. Tena tulipofika kilometa 80 kwa saa kukawa na mvumo mzito usiokoma, ule unaosikika zaidi kifuani kuliko masikioni, na mwongoza wageni akawa anapaza sauti kama yuko mnadani. Kulala chini ya gari jioni ile kulinionyesha jambo baya zaidi: mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umbali wa vidole viwili kutoka kwenye bomba, na ngozi yake imeanza kung'aa kwa joto. Nilirudi gereji. Walinisikiliza kwa adabu, wakakataa kurudisha fedha.

Fundi wa pili ni mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, na swali lake la kwanza halikuwa la inchi ngapi bali la njia ninazopita. Nilimweleza: lami hadi Karatu, vumbi na mawimbi hadi Serengeti, tope la magadi Ndutu, na mara mojamoja Ziwa Natron. "Mwanangu," akasema, "basi tusitafute bomba la kupendeza. Tutafute bomba ambalo likikatika Natron, fundi wa huko ataweza kulichomelea."

Ushauri huo uliamua suala la chuma. Nilikuwa nimepania kununua chuma cha pua, kile kisichoshika kutu upesi, na hata nilikwisha jifunza kukijaribu kwa sumaku ya spika mbovu: kile cha daraja la 304, chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwa kawaida hakishiki sumaku, ilhali cha 409, chenye kromiamu asilimia 11 hivi na ambacho viwanda vingi hukitumia kwenye ekzosi, hushika. Vyote viwili hudumu kuliko chuma cha kawaida. Lakini kukichomelea vizuri kunahitaji vijiti vyake na mkono uliozoea, navyo havipatikani kila kijiji. Isitoshe chuma cha 304 hutanuka sana kinapopata moto: kila mita 3 za bomba zikipanda joto kwa nyuzi 250 hurefuka karibu milimita 13, wakati chuma cha kawaida hurefuka kama 9. Kwenye gari lililorefushwa, ambalo bomba lake ni refu kupita la kiwandani, milimita hizo hutafuta pa kwenda, na zikikosa hupasua maungio. Tukakubaliana mabomba yawe ya chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 2, yapakwe rangi inayostahimili moto, na sailensa peke yake iwe ya chuma cha pua, kwa sababu sailensa huoza kutokea ndani. Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa maji takriban lita moja katika umbo la mvuke, na sehemu ya mvuke huo hugeuka tena maji ndani ya sailensa yenye ubaridi, hasa kwa magari ya safari fupifupi za mjini.

Kipenyo kilikuwa inchi 2.5. Kwa haraka mtu anaweza kuona kwamba nusu inchi si kitu, lakini eneo la kupita gesi huongezeka kwa asilimia 56 ukilinganisha na inchi 2, na mbano wenyewe hupungua hadi kama theluthi moja. Tulipofunga tena mpira wa levo, maji yalitofautiana kwa kiasi cha sentimita 25. Kutoka hapo kwenda inchi 3 ningekuwa nagombania glasi ya maji.

Kona alizikunja kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ikifanyika. Alikaanga mchanga wa mto kwenye karai hadi ukakauka kabisa, kwa maelezo kwamba unyevu ukibaki hugeuka mvuke na kufyatua kizibo kama risasi. Akaumimina ndani ya bomba huku kijana wake akiligongagonga ili ujae bila kuacha nafasi, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, akapasha moto sehemu ya kukunjwa hadi ikawa nyekundu kama kaa, kisha akaivuta taratibu kwenye kigezo cha waya alichokichukua chini ya gari. Mchanga ulizuia kuta zisibonyee, na kona ikatoka ya mviringo uleule mwanzo hadi mwisho. Kila kona ilimchukua karibu saa nzima. Kabla ya kuchomelea chochote alijaza viti mifuko ya saruji, akainua gurudumu moja la nyuma juu ya gogo ili ekseli ipande hadi mwisho wake, ndipo akapima nafasi iliyobaki. Sailensa ya mbele ilirudi, kipande chenye nyuzi za chuma kinachonyumbuka kikawekwa baada ya bomba la mbele, mipira ya kuning'inizia ikawa mipya yote, na kati ya bomba na mpira wa breki likawekwa bati la kukinga joto.

Mwisho wa bomba ukatolewa hadi nje ya bodi, sentimita kadhaa nyuma ya bampa, ukielekezwa pembeni. Hiki ndicho kipande kifupi kuliko vyote, na ndicho ninachokithamini zaidi. Gari la safari likiwa linatembea huku paa limefunguliwa, hewa hunyonywa juu na nyingine huingia kwa nyuma kuijazia, ikipita kwenye kila ufa wa mlango. Mdomo wa ekzosi ukiwa chini ya bodi, kinachoingia ni moshi. Nilipoukagua mpira wa mlango wa nyuma nilikuta mstari wa masizi kama wanja, ushahidi uliokuwa mbele ya macho yangu muda wote ambao wageni walikuwa wakilalamika. Tuliubadilisha mpira huo pia, na tangu hapo hakuna aliyeshuka ameshika kichwa.

Kinachobaki ni matunzo. Tukitoka Ndutu, gari huoshwa chini kwa maji mengi kabla tope la magadi halijakauka, maana chumvi ile hushikilia unyevu na kula chuma taratibu. Na wakati wa kiangazi dereva ana kazi moja kila tunaposimama kwa chakula: anainama na ndoano ya waya, anachokonoa majani makavu yaliyojikusanya juu ya sailensa na ile bati ya kukinga joto, kwa kuwa nyasi zilizonaswa kwenye chuma cha moto zimekwisha kuteketeza magari porini. Akimaliza anapanda, anapangusa mikono, anawasha. Kupanda Lodoare bado anatumia gia ya pili.