Siku moja ya fundi bati Kibuye, Kisumu: mlango wa Peugeot 504

Saa moja asubuhi banda linafunguliwa, vyuma vya jana vinafagiliwa, stima inajaribiwa. Ipo.

Kazi ya leo ni bati la kufunika ndani ya mlango wa dereva wa Peugeot 504 pikapu. Mwenyewe anataka ndani ifanane na magari ya zamani ambayo Wamarekani huyachonga upya na kuyaita hot rod: mlangoni pasiwe na ngozi wala plastiki, iwe bati tupu lenye mistari iliyoinuka. Ukipita Kibuye ukasikia nyundo, utadhani kazi yetu ni kugonga tu. Nyundo huja mwisho, na ikigonga sana, jua vipimo vilikosewa.

Saa mbili ni kadibodi. Pakaa grisi kidogo kwenye midomo ya matundu ya skrubu mlangoni, bandika kadibodi, bonyeza. Kila tundu linajichora lenyewe, pamoja na mahali pa mkono wa kioo na pa kufungulia. Kadibodi ikikaa vizuri, inahamishiwa kwenye shiti. Tunatumia alumini ya milimita 1.2. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ina uzito usiofika kilo 10, wakati chuma cha geji 20 (unene wa karibu milimita 0.9) kinazidi kilo 20, na bawaba za gari la umri huu zimeshachoka.

Usikate kufuata mstari wa kadibodi. Acha milimita 20 kuzunguka pande zote, kwa sababu mashine ya mistari huvuta bati kwenda ndani na pembeni patapungua. Mashine yenyewe ina magurudumu mawili, dume lenye tuta na jike lenye mfereji. Mmoja anazungusha mkono, mwingine anaongoza bati. Mstari haupigwi kwa mara moja: kaza skrubu kidogo, pitisha, kaza tena, pitisha, hadi mara tatu. Ukilazimisha kina chote kwa mpigo mmoja, bati linajikunja kama chapati iliyopoa. Mistari inakoma kabla ya ukingo, na hapo mwishoni ndipo bati hupinda. Pananyooshwa kwa nyundo ya mpira juu ya ubao. Faida ya mistari si urembo peke yake. Bati pana lisilo na mstari hulia "ta, ta" kila gari likipita kwenye shimo.

Saa tano ni kukunja ukingo, kati ya vyuma viwili vya pembe vilivyobanwa kwa klampu. Pale mikunjo miwili inapokutana, toboa kwanza tundu la milimita 4, la sivyo kona itapasuka. Shiti ikiwa ngumu, sugua sabuni ya mche kwenye mstari wa mkunjo na upashe moto upande wa pili. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza, kwa hiyo jicho halikusaidii. Inayokuonya ni sabuni. Ikigeuka nyeusi, ondoa moto.

Ukingo ulipokwisha kukunjwa, mwenye gari akafika na spika mbili za inchi 6 kwa 9 ndani ya karatasi.

"Fundi, hizi ziingie mlangoni."

"Mkubwa, tulikubaliana mlango hauna spika."

"Ni tundu tu. Unatoboa dakika ngapi?"

Kutoboa ni dakika chache kweli. Shida ni kioo. Spika ya namna hiyo inahitaji kama milimita 80 za kina nyuma ya bati, na kioo kikishuka nafasi inayobaki haifiki hapo. Akaambiwa. Hakuamini. Ikabidi spika ishikiliwe kwa mkono mlangoni huku yeye mwenyewe akizungusha kioo, mpaka kikagota sumaku ya spika katikati ya safari. Akazungusha tena, pengine kioo kitabadili mawazo.

"Hii gari ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, fundi. Itashindwa kubeba spika?"

Tukahamia kwenye pete ya kuinua spika ije ndani. Itagusa goti. Tukahamia nyuma ya kiti. Hapo panatosha, lakini hapendi, sauti itapotea. Simu mbili, soda moja, binamu yake akaulizwa, na bati bado liko mezani. Mwishowe akakubali nyuma ya kiti, halafu akauliza kama bei itapungua kwa kuwa mlangoni hakuna spika.

Stima ikapotea alipoondoka. Matundu yaliyobaki yakatobolewa kwa drili ya mkono: milimita 7 kwa nati za ribeti za M5, yaani nati zinazobanwa ndani ya tundu ili skrubu ya milimita 5 ishike.

Jioni, wakati mikono haitaki tena kufunga hata skrubu, ndipo vitu vidogo husahaulika. Alumini isiguse chuma cha mlango moja kwa moja; kwa unyevu huu wa ziwa italika, kwa hiyo praima (rangi ya msingi) kwanza, kisha utepe wa mpira. Karatasi ya nailoni ikae nyuma ya bati, kwa sababu mvua hupita pembeni mwa kioo na kushuka ndani ya mlango. Matundu ya chini ya mlango yaachwe wazi maji yatoke.

Mlango wa abiria ni kesho. Kadibodi hii itageuzwa, lakini itajaribiwa upya kwa grisi tundu kwa tundu, kwani 504 iliyowahi kugongwa haina milango miwili inayolingana.