Paa kwanza, kuta baadaye

Baba yangu alikuwa fundi mwashi Ifakara. Nimekua nikikoroga udongo na kumshikia kamba ya timazi, kwa hiyo mke wangu alipotaka tujenge kijijini kwao, mkoa wa Roi Et, kaskazini-mashariki mwa Thailand, nilijiona sina la kufundishwa. Kumbe!

Kiwanja ni cha mke wangu. Sheria ya ardhi ya huku, ya mwaka 1954, haimwachii mgeni akamiliki ardhi hivi hivi. Siku ya kuhamisha hati, ile yenye Garuda mwekundu juu, yule ndege wa hadithi aliye nembo ya Thailand, nilisaini karatasi kwamba pesa za kununulia ni zake yeye. Nilikuwa nimezipata Chanthaburi, kwenye soko la vito, kwa kuuza spineli za Mahenge. Nikaziaga moyoni, nikasaini.

Kiwanja ni ngan mbili, yaani mita za mraba 800, na kimezungukwa na mashamba ya mpunga. Huku hujengi kabla hujainua ardhi. Baada ya Songkran, mwaka mpya wao, mwezi wa nne, malori ya matairi kumi yalimwaga kifusi mpaka kiwanja kikapanda kimo cha kiuno. Fundi mkuu, mzee ambaye kijiji kizima kinamwita Lung, kama sisi tunavyosema baba mkubwa, akakanyaga kanyaga kwa kisigino, akasema, "Mkwe, acha mvua moja ipite juu yake."

Mvua moja maana yake ni miezi sita. Nikamjibu kwamba kwetu tunashindilia kwa mashine siku mbili na kazi inaanza. Lung alicheka tu. "Mai pen rai," akasema, haidhuru. Neno hilo nimelisikia mara elfu tangu nihamie huku, na bado sijui lini ni ndiyo na lini ni shauri yako.

Hatukungoja. Mwezi wa sita, Juni, tukasimamisha nguzo. Siku ilichaguliwa na mtawa wa hekalu, na saa pia: saa tatu na dakika tisa asubuhi, kwa sababu tisa kwa Kithai ni *kao*, na neno hilo linasikika kama la kusonga mbele. Kuna nguzo ya kwanza na nguzo ya pili, moja dume na nyingine jike, nazo zilifungwa vitambaa vya rangi, mche wa mgomba na miwa. Shimoni ziliingia sarafu na vijiti vya miti tisa ya heri. Nilipouliza kimoja ni mti gani, wakaniambia mfenesi, maana jina lake lina sauti ya neno la kuinua na kutegemeza. Mfenesi! Nyuma ya nyumba yetu Ifakara upo mmoja ambao hatukuwahi kuutegemea kwa lolote zaidi ya kuliwa.

Kisha nikarudi Chanthaburi kwenye biashara. Baada ya wiki tano mke wangu akanitumia picha: nguzo zimesimama, juu kenchi za chuma zilizopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, vigae vimeshapangwa, na chini hakuna hata kozi moja ya tofali. Nikapiga simu nikiwa mkali. Wameezeka hewa? Mke wangu akamwuliza Lung, Lung akamjibu, naye akanitafsiria: "Anauliza, kwenu mnajenga mkilowa?"

Ndivyo wanavyofanya huku. Nguzo na boriti za zege ndizo zinazobeba paa, na ukuta ni wa kujazia tu. Ukishaezeka, mafundi wanapanga tofali na kupiga plasta chini ya kivuli, nje mvua inanyesha. Baba angeitazama kazi ile kutwa nzima bila kusema neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Mwezi wa kumi na moja mafundi walipotea wote. Mpunga ulikuwa umeiva, na fundi wa huku ni mkulima kwanza. Hapo sikupiga simu.

Jiko lilikuwa ugomvi mwingine, mfupi. Nilichora jiko la ndani, mama mkwe akachora la nje kwa kijiti mchangani, la nje likajengwa. Siku alipokaanga pilipili na kufungua mtungi wa pla ra, samaki wao wa kuchachusha, nilimshukuru kimyakimya.

Sasa ile mvua moja. Nguzo hazikutikisika, maana mashimo yake yalichimbwa mpaka udongo wa asili. Lakini jamvi la baraza lilimwagwa juu ya kifusi kitupu, mwezi wa nane, kwa amri yangu, ili nipate pa kukaa jioni. Mvua za mwaka uliofuata zikashusha kifusi, na baraza nalo likashuka: vidole vitatu upande wa mashariki, na ufa unaoanzia mlangoni unapinda kama mto hadi kwenye ngazi.

Nilimwomba Lung aje alivunje tumwage jipya. Akachutama, akaingiza ukucha kwenye ufa, akasema tungoje mvua moja.

Tunangoja. Mama mkwe ameweka kigoda chake palepale, ndipo anapotwangia papai bichi, na amekiwekea kipande cha kigae chini ya mguu mmoja kisiyumbe. Lung akipita na pikipiki hupunguza mwendo, hukitazama kile kigae, kisha huenda zake.