Mbuzi, Mpwa Wangu na Mie

Kikwajuni, hapa Zanzibar mjini, tunakaa wengi, lakini kikwaju chenyewe sijapata kukiona. Basi nimekileta mie. Kipo roshanini, kimekaa ndani ya kikaango cha udongo, na kutoka kwenye udongo mpaka nchani ni sentimita 31. Nimekipima kwa futi kamba ya kazini.

Mie ni fundi umeme, na haya mambo ya bonsai, miti inayolelewa mifupi ndani ya vyombo, niliyaona mara ya kwanza kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki nilipokwenda kufunga taa. Mezani pale mapokezi palikuwa na mtini mfupi, shina limejikunja kama mzee aliyeinama kutafuta kiatu. Nikadhani wa plastiki. Nikaukwaruza kwa ukucha, ukatoa utomvu mweupe, na dada wa mapokezi akanitazama jicho ambalo sijalisahau. Mtunza bustani ndiye aliyeniambia kuwa hilo neno ni la Kijapani, maana yake kama kupanda chomboni, ingawa Wajapani nao waliupokea ufundi huo kwa Wachina. Na kwamba si aina ya mti. Mti wowote unakuwa, kazi ni mkasi.

Masika ya mwaka jana nikawa na kazi Fumba. Kiwanja cha jirani kilikuwa kinasubiri katapila, na katikati ya yale mawe nikauona mkwaju umesimama, hauvuki goti, lakini chini shina limezidi vidole gumba vyangu viwili. Kijana mmoja aliyekuwa anachunga akaniambia, "Huo una umri wake, kaka. Kila ukichipua mbuzi wanaushukia." Nikakumbuka ule mtini wa hoteli. Shina la kizee, kimo cha kitoto: hicho ndicho watu wanachokihangaikia miaka na mikasi, na hapa mbuzi wamekimaliza bure.

Nikautoa kwa patasi na nyundo, zile zile za kuchongea kuta. Saa nzima na nusu. Mzizi mkuu ulikuwa umejichomeka kwenye ufa wa jiwe, nikaukata, ile midogo midogo nikaihurumia. Gunia bichi, Vespa, mpaka nyumbani.

Mama akausimamia mlangoni. "Mkwaju ndani ya nyumba? Mkwaju una wenyewe."

"Mama, wenyewe watakaa wapi? Huu hata kunguru hapati pa kutua."

"Wao hawataki nafasi."

Nikaupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa chini, nikauweka kivulini. Baada ya wiki tatu majani yote yakapukutika. Kila asubuhi nakwaruza gome kidogo, naona kijani, napata moyo. Juni tumba zikatoka, na usiku wa kwanza baada ya majani kufunguka sawasawa nikapata khofu nyingine: nimerudi kazini baada ya magharibi, nakuta yote yamefumba, yamelegea. Nikaumwagia ndoo nzima ya maji. Mama akaja kwa kishindo cha maji. "Umeuamsha bure maskini. Mkwaju hulala." Miaka yote nimekula ubuyu na ukwaju, sijapata kutazama mti wake usiku.

Vuli ndipo nilipoupogoa mwenyewe. Nilikuwa nimeshaangalia video nyingi za Wajapani na Waindonesia, lugha sielewi, natazama mikono tu. Nikaona rahisi. Nikakata tawi la kulia, kushoto pakazidi. Nikakata kushoto, kulia pakazidi. Nikarudi kulia. Mnamjua kinyozi anayesawazisha ndevu mpaka zinakwisha? Ndiye mie. Nilipoweka koleo chini yalibaki matawi matatu, yote yametazama upande wa msikiti, na lile la chini, nene, ambalo ndilo lingekuwa mkono wa mti, lipo sakafuni. Waya ukiukata mfupi unatia konekta mambo yanakwenda. Tawi hulitii konekta.

Sasa dada yangu akienda kazini hutuachia mtoto, ana miaka minne. Siku moja nakuta vichipukizi vyote vipya havina vichwa. Majani machanga ya mkwaju yana ugwadu, na yule bwana mdogo kashagundua. Kasimama roshanini anatafuna, uso umemkunjika, anataka tena. Nilikasirika, wallahi. Siku kama kumi hivi baadaye nikachutama kutazama: chini ya kila alipong'ata pametoka vichipukizi viwili, pengine vitatu. Kile nilichokikosa kwenye video zote nikakisoma kwenye alama za meno. Ncha ya tawi ndiyo inayowanyamazisha wa chini yake. Muda wote ipo, zile tumba za kwapani mwa majani zimelala. Ikiondoka, zinaamka. Kwa hiyo hukati tawi zima kwa kuwa limekuudhi. Unaliacha litoe majani matano, sita, kisha unalirudisha kwenye mawili, na unakata juu ya jani linalotazama upande unaotaka tawi liende. Mbuzi wa Fumba walikuwa wanalijua hili. Mtoto wa miaka minne analijua.

Kwenye waya, ule wa kuyakunjia matawi, nilijiona nipo nyumbani. Vipande vya shaba ninavyo tele, vya milimita mbili na nusu na moja na nusu, mabaki ya kazi. Shaba ilivyo ni kaidi, ukiizungusha kwenye tawi inarudi na inaweza kulivunja. Nikazivua plastiki, nikazilaza juu ya makaa usiku taa imezimwa, maana mwangani huoni rangi, mpaka zikawaka nyekundu ya kukolea. Nikazitumbukiza majini. Zikatoka nyeusi, laini, unazikunja kwa vidole viwili kama ukindu. Utamu wake ni kwamba zikishakunjwa zinakuwa ngumu tena, zinabaki ulivyoziweka. Nikalizungushia kila tawi kwa mshazari, si kubana wala si kulegeza, nikayashusha chini kidogo kidogo. Mama akauliza mti umevunjika wapi.

Halafu nikapata kazi Wete, wiki tano. Mvua inanyesha, mti unanenepa, waya haunenepi. Niliporudi shaba ilikuwa imezama ndani ya gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Na hapo ndipo fundi mzima wa umeme nikafanya kosa la mwanafunzi: nikaanza kuuzungusha kinyume, kwa kuwa naionea shaba uchoyo. Gome likatoka nao. Ilitakiwa nichukue koleo, nikate waya mzunguko kwa mzunguko, vipande vidondoke vyenyewe. Ile michirizi ipo mpaka leo, mtu akitazama anadhani nyoka kapita.

Kikaango ni cha pili. Cha kwanza nilikitoboa na drili ikiwa kwenye kugonga, kama ninavyotoboa zege, kikapasuka vipande vitatu. Cha pili nilizima kugonga, nikawa namwagia maji, taratibu, matundu manne. Vile vipande vitatu vimelala chini ya mchanga, vinapitisha maji.

Juzi nilimsimulia mama habari za msonobari mmoja ulioanza kulelewa chomboni mwaka 1625, ukawemo Hiroshima siku ya bomu mwaka 1945, ukuta ukaukinga, na mwaka 1976 mwenyewe akawapa Wamarekani kama zawadi. Nilidhani atasema kuhusu bomu. Akafikiri, akauliza, "Sasa siku za harusi na misiba, nani alikuwa anautia maji?" Sikuwa na jibu, lakini tangu siku hiyo nikisafiri anautia yeye.

Hivi sasa kuna chipukizi limetoka upande ule nilioumaliza vuli, chini kabisa, karibu na kovu. Hilo siligusi, liote linavyotaka hata likipita kimo cha mti, maana tawi la chini likiachiwa hunenepesha shina. Ya juu yana majani sita, kesho baada ya alfajiri nayarudisha kwenye mawili. Upande wa ukutani nimeacha vichipukizi vitatu. Hivyo nimemwambia mpwa wangu ni vyake, na ameshaniuliza mara mbili kama vimewiva.